Asili Haina Mikono

Kuna maneno mawili niliyoyasikia tangu utotoni bila kufikiri kwamba yana undugu. La kwanza ni "janga la asili". La pili ni "uadui wa asili". La kwanza husemwa mto unapoingia mjini. La pili husemwa wakulima na wafugaji wanapouana. Nimekulia Kilosa, wilaya ambayo imeyaonja yote mawili, na sasa nasoma shahada ya uzamili ya fasihi, nikiandika tasnifu kuhusu namna riwaya na tamthilia zetu zinavyosimulia maangamizi. Darasani nikakutana na neno la tatu, "hali ya asili", ambalo wanafalsafa wamelijadili tangu Thomas Hobbes alipochapisha Leviathan mwaka 1651. Kwa Hobbes, ukiondoa dola yenye nguvu ya kuwatisha wote, kinachobaki ni vita ya kila mtu dhidi ya kila mtu.

Asili mara tatu. Neno lenyewe lina sura mbili katika Kiswahili. Tukisema "asili ya jambo hili" tunauliza lilikoanzia, nani alilianza na kwa nini. Lakini tukisema "janga la asili" tunamaanisha kwamba hakuna wa kuulizwa. Neno lile lile la kuulizia chanzo ndilo tunalotumia kufunga mjadala wa chanzo. Nimekuwa nikijiuliza kufunga huko kunamfaa nani.

Nianze na mto. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mto Mkondoa ulivunja tuta lililokuwa likiukinga mji wa Kilosa. Zaidi ya watu 20,000 waliathirika. Reli ya Kati, ambayo kutoka Kilosa kwenda Gulwe hufuata bonde la mto huo huo, ilisombwa vipande vipande. Nilikuwa na miaka 10. Ninachokumbuka zaidi ni kilichofuata baada ya maji kupungua: tope la kahawia lililopanda hadi usawa wa dirisha, harufu ya vyoo vilivyofumuka, kuku waliokufa wakiwa wamenasa kwenye nyua. Halafu mahema. Halafu foleni.

Katika mahema nilisikia methali moja zaidi ya zote: ajali haina kinga. Watu wazima waliisema wakigawana unga, waliisema wakimpokea jirani aliyefika bila kitu. Ni methali ya huruma. Humwambia aliyepoteza kwamba hakukosea, kwamba lingeweza kumpata yeyote. Msibani tuna usemi mwingine wa ukoo huo: kazi ya Mungu haina makosa. Sina ugomvi na semi hizi mahali pake. Mtu aliyezika mtoto hahitaji taarifa ya uhandisi.

Ila Mkondoa ulikuwa na kinga. Kinga yenyewe ilikuwa tuta, lililojengwa na watu kwa sababu watu wa zamani waliujua mto. Tuta ni kitu kinachotaka kutazamwa kila mwaka: panya huchimba, ng'ombe hukanyaga, watu hulima juu yake, miti huota na mizizi yake hufungua njia ya maji. Huko juu kwenye vilima, miti inapokatwa mvua haisubiri, inashuka na udongo, na udongo ule hujaza kitanda cha mto hadi maji yakawa juu kuliko mji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotokea kwa usiku mmoja. Kwa hali ya namna hiyo lugha yetu ina methali nyingine, ambayo sikuisikia hata mara moja kule kambini: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Methali hizi mbili zinagombana, na nadhani ni afya kwamba zote zimo katika lugha moja. Shida ni wakati tunapozitumia. "Ajali haina kinga" ni ya siku ya maziko. "Usipoziba ufa" ni ya mkutano wa kijiji, kikao cha bajeti, siku mkandarasi anapokuja kukabidhi kazi. Sisi tumezoea kuichukua methali ya matanga na kuipeleka kwenye kikao. Mtu anasimama mbele ya kipaza sauti, anatoa pole, anasema asili haizuiliki, na wote tunainamisha vichwa kama tuko msibani, wakati tulipaswa kuuliza tuta lilikaguliwa mara ya mwisho lini.

Januari 2014 maji yalirudi wilayani, safari hii upande wa Magole na Dumila, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika. Maneno yalikuwa yale yale.

Sasa niseme kidogo kuhusu sinema, kwa sababu picha tuliyo nayo vichwani kuhusu maangamizi haikutoka Mkondoa peke yake. Novemba 2009, wiki chache tu kabla ya mafuriko yetu, filamu ya Roland Emmerich iitwayo 2012 ilianza kuonyeshwa duniani. Kilosa ilitufikia mwaka uliofuata, kwa diski, katika kibanda umiza, ikiwa imetiwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili kwa mtindo ambao mtu aliyejulikana kama Lufufu aliufanya upendwe nchini. Jua linaichemsha dunia kwa ndani, ardhi inapasuka, bahari inapanda hadi milima ya Himalaya. Tulikuwa watoto kadhaa pale tuliokuwa tumelala kwenye mahema. Wimbi kubwa lilipokuja, tulipiga makofi.

Baadaye nilijaribu kuelewa makofi yale. Nadhani tulishangilia kwa sababu lile lilikuwa gharika lililopangika. Lilikuja mara moja, likawakuta wote, na likaisha. Halikuwa na foleni. Katika filamu hakuna anayesimama juani siku tatu kusubiri jina lake liitwe, hakuna mabishano kama msaada apewe mwenye nyumba aliyejenga au mpangaji aliyekuwa akilala humo. Katika kambi yetu mpangaji na mwenye nyumba, watu waliokuwa wakila pamoja Idi na Krismasi, waliacha kusalimiana kwa sababu ya orodha. Hawakuachana kwa sababu maji yalifunua unyama wao. Waliachana kwa sababu aliyeandaa orodha aliweka nafasi moja kwa kila nyumba.

Filamu ile ina jambo moja la kweli, hata kama inalipita haraka. Nafasi katika meli za kuokolea watu zinauzwa, euro bilioni moja kwa kichwa. Waandishi wake walijua kwamba hata mwisho wa dunia una mlango, na mlango una mlinzi. Na mwishoni meli zile zinaelekea Rasi ya Tumaini Jema, kwa kuwa Afrika imebaki juu ya maji. Bara letu linaonekana kama ufuo mtupu unaosubiri wageni. Waliokuwa wakiishi humo hawaonekani, wala hakuna anayeuliza kama wao nao wataombwa ruhusa.

Sinema za namna hii zimetufundisha somo moja ambalo ni la Hobbes: maafa yakija, jirani atakugeukia. Rebecca Solnit, katika kitabu chake A Paradise Built in Hell kilichotoka mwaka huo huo wa 2009, alichunguza maafa kadhaa, kuanzia tetemeko la San Francisco la 1906 hadi kimbunga Katrina cha 2005, akakuta kwamba watu wa kawaida kwa sehemu kubwa hupikiana, hubebana, hupeana malazi. Wanaoingiwa na hofu kubwa mara nyingi ni wenye madaraka, wanaodhani umati uliopoteza nyumba ni umati wa wezi. Nilipokisoma nilikumbuka Kilosa. Usiku wa kwanza hapakuwa na dola wala orodha, na watu walivukishana. Ugomvi ulianza baadaye, pamoja na karatasi.

Hapo mtu wa Kilosa ataniuliza: na Rudewa je? Ana haki ya kuuliza.

Tarehe 8 Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa na wapiganaji wa Kimasai katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Huwezi kuandika kuhusu migogoro ya binadamu ukiwa mtu wa wilaya hii ukaizunguka tarehe hiyo. Mwaka 2008 watu waliuana tena katika eneo jingine la wilaya, na mwanzoni mwa 2009 ikaja operesheni ya serikali ya kuondoa mifugo. Kila inapotokea, maelezo huwa tayari: hawa wawili hawajawahi kupatana, ni uadui wa asili, mmoja anapenda jembe na mwingine anapenda ng'ombe, na ardhi haitoshi.

Watafiti watatu, Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walichapisha mwaka 2009 makala ya kitaaluma kuhusu mauaji hayo, na hawakuridhika na maelezo hayo. Walifuatilia sera za taifa ambazo kwa miaka mingi ziliwasukuma wafugaji pembeni na kuwapunguzia malisho, na wakaonyesha jinsi rushwa ilivyoharibu imani ya pande zote kwa mamlaka. Ng'ombe anapoingia shambani, kuna njia ya kawaida ya kumaliza jambo: tathmini, fidia, maridhiano. Kila upande ukiamini kwamba njia hiyo imenunuliwa na upande wa pili, unabaki na rungu na mkuki.

Na ardhi? Kilosa ni nchi ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, na pia ya wajukuu wa watu waliokuja kutoka kila kona kukata mkonge. Mashamba ya mkonge yalipokufa, mengi yalibaki na hati na wamiliki wasioonekana, yakaota vichaka huku mkulima na mfugaji wakibanana pembezoni. Magazeti huyaita mashamba pori. Katika miaka ya karibuni serikali imefuta hati za baadhi yake. Kwa hiyo tunaposema ardhi haitoshi, inabidi tumalizie sentensi: haitoshi baada ya kutoa ile iliyofungwa kwenye kabati la mtu.

Nilikuwa mtoto mchanga wakati wa Rudewa, na ninachojua cha nyumbani nimekipata kwa mama. Tulikuwa na mama wa Kimasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Baada ya mauaji, mtaani watu waliacha kununua. Mama naye aliacha, siku chache, kwa kuogopa majirani. Halafu asubuhi moja akamwita yule mama, "Yeyo, njoo," akampa chupa kama kawaida. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye kwa nini alirudi kununua, hakunipa falsafa. "Yeye hakuua mtu," alisema. "Na wewe ulikuwa unataka maziwa." Nikamuuliza kama hakuwa na hasira kwa waliokufa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Hasira ninayo mpaka leo. Lakini hasira lazima umjue mwenye nayo. Usipomjua utampa aliye karibu."

Katika yote niliyosoma kwa ajili ya tasnifu sijapata maelezo bora zaidi ya jinsi masimulizi ya uadui wa asili yanavyofanya kazi. Yanachukua hasira yenye anwani na kuifuta anwani. Waliopanga mauaji, waliobeba silaha, waliochukua fedha ili kesi isisikilizwe, wote wanazama ndani ya neno "Wamasai". Upande wa pili, aliyekamata ng'ombe na kujitajirisha kwa faini anazama ndani ya neno "wakulima". Kisha neno lenyewe linaanza kutembea. Uvumi kwamba wale wanakuja unatosha kuwafanya vijana walale na mapanga, na vijana wanaolala na mapanga wanatosha kuwafanya wale waje.

Ebrahim Hussein aliliona jambo hili katika Kinjeketile, tamthilia yake ya mwaka 1969 kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Tunapenda kuisoma kama tamthilia ya umoja, na ni kweli: imani ya maji inawakusanya watu wa makabila ambayo hayakuaminiana. Lakini pia ni tamthilia ya mtu anayegundua kwamba neno alilolitoa limekua kumzidi na haliwezi tena kurudishwa mdomoni. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anajua kukana huko nako kutakuwa neno, na watoto watalirithi. Masimulizi ya maangamizi si kioo cha kutazamia tu. Yanawakusanya watu au kuwatawanya, na aliyeyatamka anawajibika nayo hata yakishamtoka mikononi.

Euphrase Kezilahabi alikwenda njia nyingine. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) dunia imebomoka, na msafiri anapita humo akitafuta. Baadhi ya wanafunzi wenzangu huzilalamikia riwaya hizi kwamba hazieleweki. Mimi nazipenda kwa jambo moja: kinachobaki kichwani ukizifunga si kishindo, ni maswali. Baada ya yote kuanguka, aliyebaki analazimika kuuliza upya vitu alivyovipokea kama asili: ukweli ni nini, nani alituambia, tulinyamaza kwa nini. Ukilinganisha na 2012, ambako waliobaki wanapata ufuo mpya na wanaanza upya bila kuulizana lolote, utaona tofauti kati ya burudani ya maangamizi na fikra juu yake.

Nitoe mfano mwingine ambao si wa damu ya watu. Ukitoka Kilosa mjini kwa barabara inayopita kijiji kiitwacho Ulaya (ndiyo, tuna Ulaya yetu), unafika Mikumi, penye hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 3,230. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50. Swala, pundamilia, nyati, wote hugongwa. Kwa hiyo kuna matuta ya kupunguza mwendo, kuna ukomo wa kasi, na kuna faini kwa anayegonga mnyama, kubwa au ndogo kulingana na mnyama mwenyewe. Nimepita hapo kwa basi mara nyingi, na sijawahi kumsikia dereva aliyegonga swala akiwaambia askari wa hifadhi kwamba ajali haina kinga. Anajua haitamsaidia. Kifo cha swala kina dereva, kina saa, kina mwendokasi, kina kiasi cha kulipa.

Sisemi hifadhi imekosea kumlinda swala. Nasema kwamba inawezekana. Nchi ile ile inayosema mafuriko ni asili inajua vizuri, kilomita chache kusini, namna ya kumfuata mwenye kosa hadi kwenye usukani. Na reli mpya ya kisasa, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, imepitishwa kwenye mahandaki na madaraja katika milima ya Kilosa. Wahandisi hawakuulalamikia mto. Waliuhesabu.

Hapa lazima niwageukie wenzangu, wasomi wa umri wangu, kwa sababu sisi tuna neno letu. Hatusemi tena "asili", tunaona ni la wazee. Tunasema "mfumo". Mfumo umesababisha mafuriko, mfumo umewagombanisha wakulima na wafugaji, mfumo umeoza. Nimeandika sentensi hizo katika kazi za darasani na kupata alama nzuri. Na zina ukweli zaidi kuliko zile za asili, kwani walau zinakubali kwamba mambo yametengenezwa. Lakini mfumo nao unaweza kuwa kichaka. Kama kosa ni la mfumo, basi kijana aliyeinua mkuki Rudewa alikuwa kifaa tu, na aliyepokea bahasha alikuwa kifaa, na mimi ninayeandika ni mtazamaji asiye na deni. Watu 38 hawakuuawa na sera. Sera iliandaa uwanja, rushwa ikafunga milango, halafu watu wenye majina wakaamua. Katika kijiji hicho hicho, katika mfumo huo huo, wapo pia walioamua vinginevyo. Ukifuta uamuzi wa muuaji kwa jina la mfumo, umefuta pia uamuzi wa aliyemficha jirani na wa aliyerudi kununua maziwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa Hobbes si kwamba binadamu ni mwema. Sijui binadamu ni nini kwa ujumla, na nimeanza kuwashuku wanaojua. Ninachokiona Kilosa ni kwamba swali "binadamu ni nani kwa asili" huja pale ambapo swali dogo zaidi limeshindikana kuulizwa. Hatukuuliza nani alikuwa na funguo za ghala, tukaishia kujadili ubinafsi wa mwanadamu. Hatukuuliza kesi ya ng'ombe wale iliishia wapi, tukaishia kujadili chuki za makabila. Swali kubwa lina heshima yake, ila mara nyingi huwa ni pazia.

Ninachowaomba wanaoandika hadithi, wanaotunga filamu za Kibongo, wanaorusha video za mafuriko zikiwa na muziki wa huzuni, ni kitu kidogo. Tuache faraja ikae msibani, ifanye kazi yake. Tukitoka msibani, tusimulie maangamizi kwa vitenzi vyenye watenda: nani alikata, nani alisaini, nani alinyamaza, nani alivuka maji kumfuata mtu asiye ndugu yake. Simulizi ya namna hiyo haitakuwa na wimbi la kupigiwa makofi. Sehemu yake ya kwanza itaanza mwezi Oktoba, jua likiwa kali na Mkondoa ukiwa mwembamba kiasi cha watoto kuuvuka kwa miguu, na swali lake halina uzuri wowote wa sinema: mwaka huu nani amekwenda kulitazama tuta?